Leso imerudi nyeusi

Leo alfajiri nimetoka kukimbia kama kawaida, barabara ya Kitgum, hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda.

Mnaoishi huku mnaijua Januari. Nyasi zimekauka, kila mtu anachoma: huyu anasafisha shamba, yule anataka majani mapya ya ng'ombe, wengine wanawinda ndezi.

Nilidhani saa kumi na mbili hewa ni safi kuliko mchana. Wapi! Kukiwa na baridi moshi unalala chini, hauinuki mpaka jua liwake vizuri.

Kilomita ya pili tu, kifua kikaanza kubana. Ukikimbia unavuta hewa nyingi, tena kwa mdomo, pua haichuji kitu.

Nikasimama. Mama mmoja aliyebeba kuni akaniangalia:
"Mwanangu, unamkimbia nani?"

Ningejibu nini, nami nakohoa?

Nyumbani nikapenga kamasi. Leso nyeupe, doa jeusi tititi, kama nimefuta sufuria. Bado iko hapa mezani, naitazama. Hiyo ni ya puani tu. Ya kifuani je?

Kesho naruka kamba ndani, majirani wanisamehe.

Wenzangu wa mazoezi, msimu huu mnatoka saa ngapi?