Nilivyopata mbao za plastiki zisizobinuka

Aliyewahi kuyeyusha vifuniko vya chupa na kuvigandamiza ndani ya kalibu anaijua kero hii. Ubao unatoka unang'aa, rangi zimejichanganya vizuri, halafu ukilala mezani usiku mmoja asubuhi unaukuta pembe zake zimenyanyuka. Mimi nilitaka rafu, si sinia. Maelekezo mengi niliyoyapata yalizungumzia mashine, wakati jibu lilikuwa kwenye tabia ya plastiki yenyewe.

Nilianza na malighafi. Polithini ngumu, ile yenye alama ya HDPE au namba 2 ndani ya pembetatu, ina uzito wa takribani gramu 0.95 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo huelea majini. PET, plastiki ya chupa za maji, na PVC, plastiki ya mabomba, huzama. Beseni la maji likanitolea hizo mbili, na hasa PVC nisingependa iingie ovenini hata kipande, maana ikipata joto kali hutoa gesi ya asidi inayochoma koo na kula vyuma. Shida ni polipropilini, namba 5. Nayo huelea, na vifuniko vingi havina alama yoyote.

Hapo nikatumia joto lenyewe kama mpelelezi. HDPE huyeyuka karibu nyuzi 130 za Selsiasi, polipropilini karibu 160. Nilikata kipande kidogo cha kila aina ya kifuniko, nikavipanga kwenye bati na kuviweka ndani ya oveni yenye nyuzi 145 (oveni ya karakana, isiyopikiwa chakula, na madirisha wazi). Kipande cha HDPE huanza kubadilika ukingoni: ule ukungu mweupe unarudi nyuma kuelekea katikati, mpaka kipande chote kinapitisha mwanga na kingo zinakuwa za mviringo. Ukungu ule ni fuwele, yaani sehemu ambazo minyororo ya polima (molekuli ndefu zinazounda plastiki) imejipanga kwa mikunjo na kuutawanya mwanga. Fuwele zikiyeyuka, mwanga unapita. Polipropilini kwenye bati hilohilo inabaki na kingo zake kali kana kwamba hakuna moto. Kuitenga kuna maana, kwa sababu plastiki hizi mbili hazichanganyiki hata zikiwa zimeyeyuka, na ubao wa mchanganyiko hupasuka pale zinapokutana.

Baada ya hapo nilidhani kazi imekwisha, kumbe HDPE na HDPE hazitiririki sawa. Viwandani hupima hivi: plastiki iliyopashwa moto hadi nyuzi 190 husukumwa na uzito wa kilo 2.16 kupitia tundu dogo, kisha hupimwa gramu zilizotoka kwa dakika 10. HDPE ya madumu na chupa za kupulizwa mara nyingi haifiki gramu 1. Ya vifuniko hutoka kwa wingi zaidi, maana imetengenezwa ili ijaze kalibu haraka. Kipimo hicho sikuwa nacho, nikaweka vidonge vyenye uzito sawa katikati ya mabati mawili, joto lilelile, mzigo uleule, muda uleule. Cha kifuniko kilitandaa kikawa chapati pana. Cha dumu kilitandaa kidogo tu, na nilipoondoa mzigo kikajirudi kidogo.

Watu husema ongeza moto. Ushauri huu siupendi. Kwa polithini, kupanda kutoka nyuzi 180 hadi 200 hupunguza mnato, yaani uzito wake wa kutiririka, kwa takribani robo tu, na ukizidi kupandisha unaanza kuiunguza. Kinachotawala ni urefu wa minyororo: ukiurefusha mara mbili, mnato hupanda karibu mara kumi, kwa kuwa minyororo mirefu husokotana na kila mmoja lazima ujichomoe kwa wenzake. Kwa hiyo plastiki ya madumu niliipa muda mrefu na shinikizo la jeki, na sikuichanganya tena na ya vifuniko.

Kubinuka kwenyewe kulitokana na kupoa. Kalibu yangu ilikaa juu ya meza ya chuma, chini kunapoa upesi, juu polepole. Upande wa chini uliganda na kusinyaa mapema. Wa juu ulipofika zamu yake ya kusinyaa ukakuta mwenzake ameshakuwa mgumu, ukauvuta, na pembe zikafuata juu. Nilichofanya ni kuweka ubao wa mbao wa unene uleule juu na chini ya kalibu ili pande zote mbili zipoe kwa kasi moja, kisha kuiacha ipoe ndani ya oveni iliyozimwa. Jeki niliikaza tena na tena wakati wa kupoa, maana kutoka uji wa nyuzi 190 hadi kuganda, HDPE hupoteza karibu moja ya tano ya ujazo wake. Usipoifuata kwa shinikizo, inaacha mabonde juu na mapango ndani. Sikufungua mpaka kalibu yote ilipokuwa baridi mkononi.

Ubao ukatoka umenyooka, lakini kubeba vitu ni habari nyingine. Ukaidi wa HDPE dhidi ya kupinda ni takribani gigapaskali 1, wakati chuma kina 200. Isitoshe, chini ya mzigo wa kudumu huendelea kubonyea polepole kwa wiki na miezi, hata kama siku ya kwanza ulionekana imara. Kuongeza unene mara mbili kungeupa ugumu mara nane, ila muda wa kupoa nao hupanda mara nne, na ule mvutano wa pande mbili ungerudi. Nikachagua kufunga mbavu mbili nyembamba kwa chini, zimesimama wima kwa urefu wa rafu.

Matundu ya skrubu niliyatoboa marefu kama yai, isipokuwa la katikati. Mita moja ya HDPE hurefuka milimita 0.1 hadi 0.2 kwa kila nyuzi moja ya joto, mara nane au zaidi ya chuma kilichoishikilia.