Nilivyojenga modeli ya stima ya mto hapa Lamu

Huku kwetu ukitaja chombo watu wanafikiria jahazi au mashua, na wazee watakutajia mtepe, ule wa kushonwa kwa kamba za makumbi. Mimi kilichonishika ni stima ya mto, yaani meli ya mvuke ya kupita mtoni. Mwaka 1891 kampuni ya Waingereza, IBEA, ilikuwa na stima ikiitwa Kenia, nahodha Dundas akaipandisha mto Tana, mwaka uliofuata akaingia nayo mto Juba huko Somalia mpaka mji wa Bardera na huko akakuta mabaki ya Welf, stima ya yule Mjerumani von der Decken iliyovunjika kwenye mawe ya mto 1865. Ndoto yangu ijengwe moja ya saizi kamili ikae pale Kipini, mdomoni mwa Tana, iwe makumbusho ya taifa. Hela hiyo sina, basi nikaanza na modeli, urefu kama kitanda. Kunakili Kenia ubao kwa ubao sikutaka, nilitaka aina yake tu: gurudumu moja kubwa nyuma na chini bapa.

Nikaenda Matondoni kwa fundi mmoja mzee. Akaangalia mchoro wangu akacheka, "Mwanangu, mkuku uko wapi? Hiki si chombo, hili ni sanduku." Mkuku ni ule uti wa mbao unaopita chini ya chombo. Nikamwambia mzee wangu, hii haiendi baharini, Tana maji yakipungua mafungu ya mchanga yanajitokeza, leo hapa kesho pale, ukiweka mkuku umekwama. Akanyamaza, halafu akasema hata mitumbwi ya Wapokomo haina mkuku, lete mbao. Kutoka hapo tulielewana, ila alikuwa ananipigia kelele sana kwenye kukalafati, yaani kuziba nafasi za mbao maji yasiingie.

Sasa kilichonifundisha zaidi ni uzito. Kwenye stima za aina hii boila hukaa upande wa omo, yaani mbele, na injini iko tezi, yaani nyuma, karibu na gurudumu, yaani mizigo yote iko ncha mbili, na katikati kupo kwepesi. Mimi mahali pa boila niliweka betri ya pikipiki, mahali pa injini mota ya waipa ya gari, na kweli ncha zikaanza kulegea chini, katikati kukapanda mgongo. Dawa ni ileile waliyotumia wenyewe zamani: unasimamisha nguzo juu ya deki, unapitisha nyaya za chuma kutoka omo mpaka tezi, unazikaza na skrubu. Mimi nilitumia waya wa breki za baiskeli. Fundi alizipenda nyaya zile kuliko kitu kingine chochote, kila akipita anazigusa.

Gurudumu nalo lina kanuni yake. Makasia yake yakizama sana yanabeba maji juu bure na nguvu inaishia hapo, kwa hiyo nikapandisha mhimili mpaka kasia la chini likawa linafunikwa kidogo tu. Na kukaa nyuma ni makusudi, njia ya mto ni nyembamba na magogo yanaelea, ukiweka ubavuni linavunjika.

Tuliishusha maji yalipojaa, upepo umetulia, ikaenda taratibu, na kurudi nyuma inarudi vizuri tu, ukigeuza waya za betri. Watoto walitaka kuipanda. Kilichobaki ni kutoa betri niweke boila ndogo ya shaba, na hapo nataka mtu anayejua kuchomelea shaba vizuri na kuweka vali ya usalama, maana mvuke si kitu cha kubahatisha mbele ya watoto.