Hata shilingi moja ina mwenyewe: nilivyojisomea kuandika programu

Mwaka 2015 nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari Mwanza: kutoa kopi, kuchapa barua, kulaminisha vyeti. Mwenye duka, mama mmoja mkarimu sana, aliniruhusu kutumia kompyuta baada ya kufunga. Bando la usiku lilikuwa rahisi, kwa hiyo nilipakua video za CS50, kozi ya Harvard inayotolewa bure mtandaoni, nikawa nazitazama duka likishafungwa. Kiingereza cha mwalimu kilinipita mbio. Nilisimamisha video nikasoma maandishi ya chini, sentensi moja moja.

Kozi ile inakuingiza mapema kwenye C, lugha ya kuandikia programu, na C haina huruma. Wiki nzima nilikwama kwenye zoezi moja. Naishukuru wiki ile kuliko video zote, maana ndiyo iliyonizoesha kukaa na tatizo bila kulikimbia. Baadaye nilihamia lugha nyingine, Python, nikanasa pale wanaponasa wengi wanaojisomea: unamaliza somo hili unaanza lile, mwalimu akiandika unaelewa kila kitu, ukifungua ukurasa mtupu huna la kuandika. Nilijinasua nilipomwandikia yule mama programu ya kurekodi mauzo yake. Aliitumia kila siku, na kila siku alikuwa na swali.

Programu hiyo ndiyo iliyonipatia kazi ya kutengeneza mfumo wa chama cha kuweka na kukopa. Mwezi wa kwanza tu, riba za mfumo zilipishana na daftari la mhasibu kwa shilingi chache. Mimi niliona ni kidogo. “Mwanangu,” mhasibu akaniambia, “hata shilingi moja ina mwenyewe.” Nikakesha kutafuta. Kumbe ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2, inajibu 0.30000000000000004, kwa sababu moja ya kumi haimaliziki kuandikwa kwa sifuri na moja za kompyuta, kama theluthi isivyomalizika kwetu tukiandika 0.333. Nikabadili kila kiasi kikawa namba nzima ya senti, na kanuni ya kukadiria sehemu za senti nikaiweka mahali pamoja tu.

Kisha likaja kubwa zaidi. Mwanachama aliweka shilingi 50,000 kwa simu, akaunti yake ikasoma 100,000. Seva yetu ilikuwa imechelewa kujibu, upande wa malipo ukaona taarifa haijafika ukaituma tena, nasi tukaihesabu mara mbili. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: kuizuia PostgreSQL, hifadhidata yetu, isipokee namba ya muamala iliyokwisha kuingia. Siku nne nzima ziliishia kwenye kupitia miamala yote ya nyuma, kutafuta nani mwingine ameguswa, na kwenda na mhasibu kuwaeleza wahusika kabla hawajauliza. Nikitafuta ni lini niliacha kuwa mwanafunzi, narudi kwenye siku hizo nne.

Kuomba kazi kwenye kampuni bila cheti kulikuwa kugumu, na nilikataliwa mara nyingi. Waliokuja kunichukua mwaka 2019 walifungua kazi zangu nilizoziweka wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, wakaniuliza juu ya ule muamala uliojirudia, tukaongea saa nzima.

Cheo cha mwandamizi nilikipata mwaka 2023. Sasa naandika msimbo mchache kuliko zamani. Muda mwingi nasoma wa wenzangu na kuuliza: mtandao ukikatika hapa katikati, hela iko wapi?

Kuna kijana ninayemfundisha Jumamosi. Mwanzoni alikuwa akiona maandishi mekundu ananiita, “Kaka, imegoma.” Nikamwonyesha kwamba kwenye Python mstari wa chini kabisa ndio unaotaja kosa, na mistari ya juu yake ndiyo inayoonyesha lilipotokea. Jumamosi iliyopita alinyanyua mkono kuniita, akainama kusoma, akaushusha, akaendelea kuandika.