Barua ndani ya picha: funga kwanza, ndipo ufiche

Picha ya mizabibu ya Hombolo inaweza kubeba barua nzima, na anayeitazama asione kitu. Siri iko kwenye namba. Kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, ina nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Nyekundu ya 182 kwa biti, yaani sifuri na moja za kompyuta, ni 10110110. Geuza biti ya mwisho, inakuwa 183, jicho halina habari. Kwa biti tatu kila pikseli, moja kwa kila rangi, picha ya 1000 kwa 1000 ina nafasi ya baiti 375,000 (baiti moja ni biti nane). Usiijaze: ukijaza sana, takwimu za rangi zinakusaliti.

Picha za JPEG kutoka simuni hufichiwa kwa njia tofauti kidogo, na programu ya steghide inaiweza kazi hiyo. Ila anza na kufuli, kwa gpg, programu inayofunga faili kwa nenosiri:

gpg -c barua.txt

Hapo unapata barua.txt.gpg, na hiyo ndiyo inayofichwa:

steghide embed -cf zabibu.jpg -ef barua.txt.gpg -sf mpya.jpg

Steghide ina kufuli lake la nenosiri, lakini usiliegemee. Stegseek, programu ya kulivunja, hupitia orodha ya manenosiri milioni 14 kwa sekunde chache tu.

Picha piga mwenyewe. Ukiokota ya mtandaoni, mtu ataweka ile ya awali kando ya yako na mambo yote yako nje. Anga la Dodoma la Agosti, bluu tupu bila wingu, halifai, maana JPEG hulibana hadi panakosekana pa kufichia. Majani, changarawe, mawe ya Kondoa, hayo ndiyo yenyewe. Kabla ya kuficha, ondoa alama za mahali picha ilipopigwa kwa programu ya exiftool: exiftool -all= zabibu.jpg, kisha futa na zabibu.jpg_original inayobaki, kwani bado inazo. Ukishamaliza kuficha, futa zabibu.jpg pia.

Wengi huharibu kwenye kutuma. Ukituma WhatsApp kama picha, inabanwa upya na barua imekufa. Kinachoudhi ni kwamba steghide ya mpokeaji italalamikia nenosiri, naye atashinda akilirudia bure. Tuma kama hati. Kwanza jitumie kwenye simu nyingine, irudishe kwenye kompyuta, ujaribu steghide extract -sf mpya.jpg. Nenosiri mwambie ana kwa ana, si kwenye gumzo lilelile.