Dawa ikishapata kibali, nani anaiangalia?

Dawa ikipata kibali, wengi hudhani uchunguzi umekwisha. Kumbe sehemu ngumu ndiyo inaanza. Kabla ya kibali, dawa hujaribiwa kwa watu elfu kadhaa tu, na aghalabu wajawazito hawamo, wala wazee wenye maradhi matatu kwa mpigo. Ukiwapa dawa watu 3,000 na dhara fulani lisionekane hata kwa mmoja, bado huwezi kuapa kwamba halimpati mtu 1 kati ya 1,000. Milioni moja wakiimeza, hao ni watu 1,000.

Thalidomide, dawa ya usingizi iliyotumiwa pia na wajawazito kutuliza kichefuchefu, ndiyo iliyozifumbua macho serikali. Iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikaondolewa mwishoni mwa 1961, na maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu iliyodumaa. Mwaka 1964 Uingereza ikaanzisha kadi ya njano ya kuripoti madhara. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaanza kukusanya taarifa za nchi mbalimbali.

Kazi yote husimama juu ya fomu ya kuripoti dhara. Ili ipokelewe, inahitaji mambo manne: mgonjwa anayetambulika (umri au jinsia yatosha), mtoa taarifa, dawa inayoshukiwa, na dhara lenyewe. Ila kupokelewa si kufaa. "Alitokwa na vipele baada ya kumeza vidonge" haimsaidii mchunguzi. Linganisha na hii: mwanamke, miaka 34, miligramu 400 mara mbili kwa siku, vipele siku ya 9, dawa ikasimamishwa siku ya 10, vipele vikaanza kunywea siku ya 14, alikuwa pia akinywa mitishamba. Hapo kuna mfuatano wa siku, kuna kilichotokea dawa ilipoachwa, na kuna mshukiwa wa pili.

Kinachorukwa mara nyingi, na kinaniuma, ni namba ya toleo, yaani namba ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja. Bila hiyo huwezi kujua kama tatizo ni dawa yenyewe au ni shehena moja iliyoharibika kiwandani au ghalani.

Taarifa zikikusanyika, mamlaka hupiga hesabu ya uwiano. Tuseme dawa fulani ina taarifa 200, na 10 kati yake ni za ini: asilimia 5. Kwa dawa nyingine zote, taarifa za ini ni asilimia 1. Uwiano ni 5. Kipimo kinachotumika sana huanza kushtuka uwiano ukifika 2, kukiwa na wagonjwa wasiopungua watatu. Hiyo ni ishara tu, haijawa hukumu: habari ikitangazwa redioni, taarifa humiminika hata kama dawa haijabadilika. Wala hesabu hiyo haisemi dhara linampata mtu mmoja kati ya wangapi, kwa kuwa fomu hazionyeshi ni wangapi walioitumia wakabaki salama.

Dhara linalofanana na ugonjwa wa kawaida ndilo linalopenya wavu huu. Rofecoxib, dawa ya maumivu ya viungo, ilikaa sokoni tangu 1999 hadi 2004. Mzee akipatwa na mshtuko wa moyo, nani angeshuku kidonge cha magoti? Kilichofichua kwamba inaongeza hatari ya mshtuko huo ni jaribio refu lenye kundi la kulinganisha, na ndiyo maana mamlaka makini huagiza tafiti za namna hiyo hata baada ya kibali.

Kwa mgonjwa: usitupe boksi kabla hujamaliza dawa. Namba ya toleo imeandikwa pale karibu na tarehe ya kuisha muda.