Bunduki na bastola za chungu kimoja: kumbukumbu ya mradi wangu, mwezi wa nne

Leo ndiyo mara ya kwanza naona mwisho wa hii kazi. Nakumbusha nilipoanzia: nina bastola ya silinda yenye mtutu wa inchi 4, na bunduki ya wenzo, ile ya kuvuta mkono wa chini kabla ya kila mlio, yenye mtutu wa inchi 18. Zote ni .357 Magnum, yaani zinakula risasi ya jina hilo. Naishi Texas, karibu na Fort Worth, na Jumamosi asubuhi utanikuta uwanja wa shabaha. Natafuta risasi ya aina moja ambayo zote mbili zitaipenda, niwe nanunua hiyo hiyo mwaka mzima.

Neno kwanza. Kiswahili chetu kinaita risasi kile kinachoruka, kitu kizima chenye ganda na baruti, na hata madini yenyewe. Hapa nikisema risasi ni kitu kizima. Kinachoruka nitakiita kichwa.

Wengi hudhani kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, zikifanana kazi imeisha. Sivyo kabisa. Januari nilianza na vichwa vyepesi vya greni 125, yaani kama gramu 8. Bastola ilivipenda mno: yadi 15, matundu sita, yote yanafunikwa na kiganja. Bunduki ikavikataa. Kwa yadi 50 matundu yalitawanyika karibu inchi 6, na nilirudia Jumamosi mbili nikiwa nimeegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, jibu likawa lile lile. Nikahamia greni 158, yaani gramu 10 na kidogo. Bunduki ikatulia: inchi 2, mara tatu mfululizo. Bastola ikaanza kupiga juu kidogo, nikashusha saiti ya nyuma, ile ya kulengea, ikakaa sawa.

Kilichonifurahisha zaidi ni kipima kasi nilichoazimwa na mzee mmoja wa pale uwanjani. Risasi za boksi moja: kwenye bastola wastani futi 1,230 kwa sekunde, kwenye bunduki futi 1,790. Mtutu mrefu unaipa gesi ya baruti nafasi ya kuendelea kusukuma kichwa, wakati bastola inapoteza gesi kidogo kwenye ule mwanya kati ya silinda na mtutu. Na kwa kuwa nguvu hupanda kwa kasi ikizidishwa kwa yenyewe, kichwa kile kile kinatoka kwenye bunduki na nguvu zaidi ya mara mbili. Nilizirudia namba hizo kwenye daftari mara kadhaa kabla ya kuziamini.

Februari ilikuwa ya .38 Special, na hapo ndipo nilipojifunza sana. Risasi hii ni mama yake .357. Smith & Wesson walipoitoa .357 mwaka 1935, ganda lilirefushwa kama inchi 1/8 kusudi lisiingie kwenye bastola dhaifu za .38. Kwa hiyo .38 inaingia kwenye silaha ya .357, kinyume chake hapana. Ni ya bei nafuu na mkono hauumii, ndiyo maana nilitaka kufanyia nayo mazoezi.

Nikaijaza bunduki .38 za vichwa bapa, vile vilivyokatwa usawa na mdomo wa ganda. Risasi ya pili ikakwama. Nilipochungulia pembeni niliiona imesimama mshazari, mdomo umegota ukingo wa chemba, tundu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, wenzo uko nusu ya njia, haurudi wala hauendi. Mtutu nikauacha ukielekea kwenye shabaha, kidole mbali na kifyatulio, nikainua mkono kumwita msimamizi. Tuliitoa taratibu kwa bisibisi ndogo. Tangu siku hiyo bunduki inapewa .38 zenye pua ya duara iliyobapa nchani, na haijakwama tena. Pua iliyochongoka siweki hata kwa kujaribu: ndani ya mrija wa risasi wa bunduki ya wenzo, ncha ya risasi moja hugusa kitako cha nyingine, penye kiwashio cha baruti, na ikikigonga inaweza kuilipua.

Jambo jingine la .38: baada ya kama risasi mia, .357 zilianza kuwa nzito kuingia kwenye silinda. Ganda fupi huacha pete ya masizi mbele yake. Brashi ya shaba na mafuta ya kusafishia, dakika kumi kwa matundu sita, zikaingia laini.

Shemeji yangu alikuja kutoka Arusha mwezi uliopita, akazitazama zote mbili mezani. "Shemeji, kumbe hizi zinakula chungu kimoja?" Nikamwambia wazo ni la zamani sana. Winchester walitoa bunduki yao ya 1873 kwa risasi ya .44-40, na 1878 Colt wakaanza kutengeneza bastola ya risasi hiyo hiyo. Mtu wa farasi akabeba mkanda mmoja. Kilichoachanisha silaha hizi ni baruti isiyo na moshi: ilipofika risasi ya bunduki ya .30-30 mwaka 1895, bunduki ikawa na nguvu ambayo bastola ya wakati ule isingeibeba.

Akaniuliza pia kuhusu watoto. Nikamwonyesha kabati la chuma, na boksi la risasi lenye kufuli lake mbali na hapo. Sheria ya Texas inamwadhibu anayeiacha kwa uzembe silaha tayari kufyatuka, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia, lakini hata isingekuwepo ningefunga.

Basi nimeamua: greni 158, pua ya duara iliyobapa nchani, .357 kwa shabaha za mbali na .38 ya uzito huo huo kwa mazoezi. Maganda naokota yote. Bastola inanikabidhi mkononi sita sita, bunduki inayarusha hadi kwenye nyasi. Mpaka leo nina ndoo nusu. Jumamosi ijayo nasogeza shabaha hadi yadi 100.