Huo mguu ni wa nani?

Mnajua ninavyowaonea uchungu wanyama, ndiyo maana neno la wifi limenichoma. Wiki hii nimehamishiwa idara nyingine na mdogo wetu wa mwisho amevishwa pete, lakini kichwani nasikia sauti ya wifi tu.

Tulikuwa tunatazama kwenye simu yangu picha za maonyesho ambayo PETA, shirika la kutetea wanyama, waliyapeleka mitaani Marekani mwaka 2005: upande mmoja mateso ya watu weusi, upande wa pili ya wanyama. Mguu wa mtumwa wenye pingu umewekwa sambamba na mguu wa tembo wenye mnyororo. Nikasema, "Mnyama naye anaumia, wifi."

"Sijasema haumii. Nauliza, huo mguu wa mtu ni wa nani?"

"Sijui."

"Ni wa mtu. Pengine ana vitukuu. Waliombwa ruhusa?"

Nikanyamaza. Hilo la vitukuu nalirudia nikipika, nikioga, hata kikaoni.

Na PETA walishaonywa. Mwaka 2003 waliwaweka wafungwa wa kambi za Wanazi kando ya kuku wa vizimbani. Baadaye kiongozi wao, Ingrid Newkirk, aliomba radhi kwa maumivu waliyosababisha. Tawi lao la Ujerumani lilizuiwa na mahakama kutumia mabango hayo, likapeleka kesi mpaka Strasbourg, na mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaona zuio lile ni halali. Miaka yote hiyo mjadala ni PETA, PETA. Kuku je?

Hapo huzuni yangu inageuka hasira. Tembo yule alijitosheleza! Tembo wa sarakasi hufungwa mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, akabaki kuyumba palepale, kichwa kikienda huku na huku, saa nzima. Mwonyeshe mtu hilo tu, bila kumkopa marehemu wa watu. Mimi lilinitosha.

Wifi akija tena nitamwambia: kuhusu mguu una haki, wifi, ila tembo simwachi. Nadhani atakubali. Hata yeye aliirudia ile picha ya tembo kabla ya kunirudishia simu.

Mama naye presha imepanda tena. Kaka ananiambia "kidogo tu" na namba hataki kuitaja. Ngoja nimpigie mwenyewe.